Waya Uliopita Juu ya Paa la Bibi Nyanzobe

Wadogo zangu mliomaliza darasa la saba, na ninyi mtakaomaliza mwaka huu,

Kwanza mnisamehe mwandiko huu. Mkono wangu umezoea koleo na bisibisi kuliko kalamu, na herufi zangu zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mkiona neno nimelikosea, lisomeni mnavyolijua ninyi, msinicheke sana. Naandika polepole, ukurasa mmoja unamaliza asubuhi yangu. Ila kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, ulimi unakauka, kwa hiyo nimeona bora niwaandikie kupitia gazeti hili.

Nawaandikia kama fundi mstaafu, na mtauliza mstaafu gani huyu asiye na hata mvi. Ni kweli, bado kijana, hata kuoa sijaoa. Lakini kazi imeniacha mapema, na sina jina jingine la mtu aliyeachwa na kazi. Nilikuwa fundi wa kebo, kisha fundi wa antena, hapa Shinyanga mjini. Nasikia baadhi yenu mnaitamani kazi hiyo.

Kebo ilikuwa ya Mzee Kanti, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Juu ya ghorofa yake aliweka dishi ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani yake na miguu isitokeze. Kutoka pale tulivuta nyaya, nguzo hadi nguzo, paa hadi paa, mpaka sebuleni kwa mteja. Chaneli moja haikutoka angani. Ilitoka kwenye deki ya video ya Mzee Kanti mwenyewe, nyuma ya duka. Siku za kazi aliweka filamu za Kihindi. Jumapili mchana aliweka kanda za harusi zilizopigwa hapahapa mjini, kwa sababu watu walipenda kujiona.

Halafu ukajengwa mnara wa kurusha picha za bure, na watu wakaanza kuiacha kebo. Hakuna aliyekuja kuaga. Ulikuwa unapita mtaani, unaona mti mrefu umesimama uani kwa fulani, na juu ya mti vifuniko viwili vya sufuria, ndiyo antena, vimetazama upande wa mnara. Basi unajua, huyo katoka. Akina mama walilalamika kwamba wali unapikwa wazi, lakini jioni walikuwa wa kwanza kukaa mkekani.

Mzee Kanti hakukasirika. Alikuwa akituambia, "Usikate waya kwenye nguzo. Chomoa kwenye TV tu, basi. Mashindano ya mpira yakianza atarudi mwenyewe."

Kwa hiyo tulichomoa tu. Mji ukajaa nyaya zinazoning'inia ukutani, zina picha ndani yake na hakuna anayezitazama. Watu waliziona zimekufa. Wakaanikia nguo, wakafungia mbuzi. Kumbukeni jambo hili mkianza kazi: waya ambao mwenye nyumba anasema umekufa, wewe uchukulie kuwa uko hai.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Masele, mtu mfupi, mcheshi, aliyeweza kutembea juu ya bati bila kulifanya litoe mlio. Somo lake la kwanza halikuwa la nyaya. Lilikuwa la kupiga kelele. Kabla hujapanda paa lolote, simama uani useme kwa sauti, "Fundi napanda!" Mabafu yetu hayana paa, na ukiwa juu unaona yasiyokuhusu. Siku moja Masele alisahau. Mama mmoja aliyekuwa anaoga alimrushia kopo zima la maji ya sabuni, akamwambia, "Haya, na wewe uoge basi, maana umeshanizoea!" Masele alishuka na povu masikioni. Mimi kwa aibu zangu nilikuwa nasema "Fundi napanda" kwa sauti ndogo hadi Masele ananipigia mbinja kwa niaba yangu.

Somo la pili ni kusoma ubovu wa picha. Chenga, vile vitone vyeupe na vyeusi, zikijaa kote, mnara uko mbali au waya umeingia maji. Milia inayopanda na kushuka, kuna mashine ya kusaga karibu, subiri wamalize kusaga. Mtu akionekana wawili, mmoja hafifu pembeni ya mwenzake, picha inagonga kwenye mawe makubwa ya mlimani na kurudi. Hicho tunakiita kivuli. Zungusha antena kidogo, kivuli kinaondoka. Masele alikuwa akiwaambia wateja, "Nimemfukuza pacha wako," nao wanacheka.

Si vivuli vyote vinaondoka. Niliwahi kwenda Segese kufunga antena kwenye banda la video la wachimbaji, maana kukodi kanda kila siku kulimshinda mwenye banda. Mle ndani kulikuwa na benchi moja la mbele, tupu, na watu wamesimama nyuma wamebanana. Nikataka nikae nijaribu picha. Mwenye banda akanishika bega.

"Hapo pana watu, fundi."

"Wapi?"

"Wa duara la kule chini. Lile lililowafukia." Duara ndilo shimo la dhahabu. "Walikuwa wanakaa hapo. Ukikaa wewe, picha inakatika. Tumeshajaribu."

Nilifanya kazi nimechuchumaa. Wachimbaji wakanitania, "Fundi gani huyu, haongei hata na televisheni!" Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye lile benchi.

Sasa niwaambie ya Baba Limi, ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Baba Limi alikuwa utingo wa lori, akiwabebea wafanyabiashara mizigo. Binti yake wa kwanza, Limi, ndiye aliyempa jina hilo. Tulipowavutia kebo Limi alikuwa anasoma darasa la tatu. Aliniona nafanya kazi siku nzima bila neno, akaniita Fundi Bubu, na jina likabaki. Mvua zilizofuata aliugua malaria, akafariki. Nilikuwa mazikoni, nikasimama nyuma.

Baada ya msiba Baba Limi aliacha kebo. Hakuniita mimi kumfungia antena, alifunga mwenyewe kwa vifuniko na mti wa mkaratusi. Upepo ulipoutikisa ule mti alitafuta kitu cha kuufungia, akauona waya wa kebo umening'inia ukutani. Akauzungusha kwenye mti mara nyingi, hadi juu kabisa kwenye vifuniko, akakaza. Na ule waya, kabla ya kufika kwake, ulipita juu ya paa la jirani yake, Bibi Nyanzobe.

Bibi Nyanzobe alikuwa mjane, anaishi peke yake. Alipikia samadi ya ng'ombe kwa sababu kuni zilikuwa mbali, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Ninyi ni watoto wa hapa, mnajua macho mekundu ya bibi kizee yanavyoweza kumponza katika nchi yetu.

Jumapili moja mchana Mama Limi alinifuata mwenyewe, kanga kichwani, hata salamu zetu za kawaida hakumaliza. "Fundi, njoo uone. Usiulize, njoo tu."

Nilimkuta Baba Limi na mdogo wake, Ngassa, wamekaa gizani. Mapazia yamefungwa, jua la nje linapenya kwenye matundu ya misumari ya bati. Televisheni inawaka. Mtu anasoma habari, sauti yake inakuja na kupotea, chenga nyingi kwa sababu ya joto la mchana.

"Nyamaza uangalie," Ngassa akasema. Nami sikuwa nimesema kitu.

Msoma habari akafifia. Nyuma yake, ndani ya chenga, kikaja kitu cheupe. Kilikuwa gauni. Kisha shingo, kisha nywele zilizosukwa mistari, kisha uso. Limi alitutazama. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na sauti tuliyosikia ni ya yule msoma habari. Alitutazama muda wa kutosha mtu kumtambua na kuanza kutamani asingemtambua. Halafu chenga zikamfunika.

Mama Limi alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, kama anavyompima mtoto homa.

"Umeona?" Ngassa akaniuliza. "Huyu hajafa. Tumezika gogo la mgomba. Huyu kachukuliwa, yuko mahali analimishwa. Ni msukule."

"Ngassa," kaka yake akasema, "taratibu."

"Taratibu gani? Fuata ule waya uone unatokea kwa nani! Kwa kikongwe wa macho mekundu. Jumapili ijayo nakuja na wenzangu. Wakishaona kwa macho yao, tunatoka hapa tunakwenda kumuuliza yeye. Na hatutamuuliza kwa mdomo."

Baba Limi alibaki kitini. Alikuwa anaangalia chenga.

Nilitoka nikasimama uani. Bibi Nyanzobe alikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, anapepeta mtama. Nikamwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Mbona mnajifungia ndani na joto lote hili? Kuna mgonjwa?" Nikasema "Fundi napanda," nikapanda.

Nilipoufikia ule waya uliofunga vifuniko nikaelewa. Niliufuata kwa macho kupitia paa la Bibi hadi kwenye nguzo. Ulikuwa umechomekwa kule kama siku ya kwanza, kama desturi yetu ilivyokuwa. Picha ya deki ya Mzee Kanti ilikuwa inavuja kutoka kwenye waya na kuingia kwenye antena, na mchana wa joto, mnara unapozidiwa, ndiyo inayojitokeza.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Masele alikuwa amekaa na Mzee Kanti nyuma ya duka, deki inazunguka. Kanda ilikuwa ya harusi ya jirani wa Mzee Kanti, Mhindi mwenzake, iliyofanyika kabla ya mvua zile zilizomchukua Limi, na kila Jumapili wenye harusi waliomba irudiwe. Baba Limi ndiye aliyepeleka soda kwa lori, na alikuwa ameongozana na binti yake.

Nilipowaeleza, Mzee Kanti alishika kichwa. "Kata! Kata sasa hivi kabla hawajasema mimi ndiye mchawi!"

Masele akatikisa kichwa. "Tukikata leo, picha inatoweka. Ngassa atasema Bibi kajua anatafutwa, kamficha mtoto. Hapo ndiyo tumemmaliza."

"Sasa tufanyeje?"

Masele alifikiri, kisha akaanza kucheka peke yake. "Mimi nilikuwa pale, nilimshikia taa mpiga picha. Baba Limi mwenyewe yumo. Alikunywa kidogo, akacheza na kreti ya soda kichwani, ukumbi mzima ukampigia makofi. Anakuja mbele zaidi, baada ya keki."

Tukakubaliana hivi. Mzee Kanti ataiacha kanda ileile iende bila kuigusa. Masele atakaa na deki. Na mimi nitakaa nyumbani kwa Baba Limi kuwazuia wale wanaume wasiinuke hadi kreti itokee.

"Mimi?" nikauliza.

"Mimi nikienda, watadhani ni mzaha wangu," Masele akasema. "Wewe watu wanakuamini. Hujawahi kumdanganya mtu, maana hujawahi kuongea."

Jumapili iliyofuata chumba kilijaa. Ngassa alikuja na wenzake, na walipoingia hawakuacha mapanga mlangoni. Nje nilisikia Bibi Nyanzobe anafukuza kuku kwenye mtama wake. Mama Limi alikaa mbele kabisa, karibu na kioo. Mimi nilisimama mlangoni.

Msoma habari alififia. Gauni jeupe likaja, na uso. Chumba kizima kilivuta pumzi. Mzee mmoja alifunika macho. Midomo ya Limi ilikwenda, na mama yake akaanza kuitikia taratibu, "Naam, mwanangu. Naam." Sijui alikuwa anaitikia nini.

Chenga zilipomfunika, Ngassa alisimama. "Mmeona wenyewe. Twendeni."

Wote wakainuka. Mimi niko mlangoni, ulimi umekauka. Nikanyoosha mikono nikashika miimo yote miwili.

"Pisha, Bubu," Ngassa akasema. "Leo si siku yako."

"Kaeni," nikasema.

"Aa! Bubu anaongea!" mmoja akadakia. Hakuna aliyecheka.

"Kaeni kwanza. Kuna... kuna mwingine anakuja."

Sikupanga kusema hivyo, ndiyo maneno yaliyotoka. Niliona yalivyowaingia. Wale wanaume walitazamana, kisha wakageuka kuangalia kioo, na mmoja baada ya mwingine wakakaa, lakini mbali na televisheni kuliko mwanzo. Nilisikia bati linavyolia kwa joto. Chenga ziliendelea. Msoma habari akarudi, akasema habari za bei ya pamba, akapotea tena. Ngassa hakukaa. Alikuwa ananihesabia pumzi, panga mkononi. Nilianza kuamini kwamba Masele alikumbuka vibaya.

Kisha kikaja kivuli kirefu chenye kichwa cha mraba. Watu wawili walilia "Yesu!" kwa pamoja. Kivuli kikayumba kushoto, kikayumba kulia, kikakaribia. Kichwa cha mraba kilikuwa kreti. Chini ya kreti kulikuwa na uso unaochekelea, meno yote nje.

Ulikuwa uso wa Baba Limi.

Wote tuligeuka kumtazama Baba Limi aliyekaa kwenye kiti. Jirani yake alisogea. Baba Limi alijishika mkono, akajifinya, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi niko hapa. Jamani, si niko hapa?"

Mama Limi ndiye aliyezungumza. Hakugeuka hata kutoka kwenye kioo. "Ngassa, muulize kaka yako. Yeye naye nani kamchukua? Yeye naye analimishwa wapi? Hiyo ni harusi ya Wahindi. Shati hilo nililifua mimi, lilikuwa linanuka pombe."

Ndipo nikaweza kuwaeleza, kwa maneno ya kukatika, habari za deki na nguzo na waya. Sidhani walinielewa vizuri. Lakini walimwelewa Mama Limi. Ngassa aliketi chini, akaliweka panga nyuma yake kama mtu anayeficha kitu cha aibu. Na Bibi Nyanzobe, aliyesikia kelele, akapiga hodi na kuchungulia. Akamwona mtu anacheza kwenye chenga. "Huyo mwenye kreti ni nani? Kalewa huyo!" Wakacheka wote, hadi wengine wakatoa machozi. Wakampa kiti. Hakujua hadi mwisho walikuwa wamekuja kufanya nini.

Jioni ile nilikata waya kwenye nguzo.

Kama yangeishia hapo, nisingewaandikia. Wiki iliyofuata Mzee Kanti alimwita Mama Limi aje dukani aangalie kanda yenyewe, safi, bila chenga. Nilikuwepo, na Masele pia. Limi alitokea, gauni jeupe, anapita na sahani ya maua. Alipita amewapa watu mgongo. Tukarudisha nyuma, tukaangalia tena. Mgongo, nywele zilizosukwa, kisogo, basi. Tukaitazama kanda nzima tangu mwanzo hadi mwisho, wageni wote, watoto wote. Hakuna mahali popote ambapo Limi amegeuka.

Mama Limi alisimama. "Huyu hanitazami," akasema. "Yule wa kwenye chenga alinitazama."

Masele, ambaye ana utani wa kila jambo, alizima deki bila neno. Tulipotoka aliniambia, "Usimsimulie mtu. Kwa ajili ya yule bibi." Sikumsimulia mtu. Sasa Bibi Nyanzobe amekwisha kupumzika, alifia kwa mjukuu wake kule Mhunze, kitandani, amezeeka vizuri. Hakuna tena wa kudhuriwa na maneno yangu.

Mimi mvua iliyopita niliteleza kwenye bati nikavunjika nyonga, sipandi tena. Nauza betri na taa sokoni. Mama Limi huja pale. Ananunua betri moja ambayo najua haihitaji, anasimama kidogo, kisha ananiomba jambo lilelile: nimtafutie kijana wa kuurudisha ule waya kwenye nguzo, aufunge kwenye mti vilevile ulivyokuwa, Jumapili moja tu. Mara zote nimemwambia nitaona.

Kijana huyo atakuwa mmoja wenu. Sijui nimruhusu apande au nimkataze. Yeyote kati yenu, au baba yenu, au fundi anayewafundisha, aliyewahi kuona ndani ya chenga uso ambao haumo kwenye kanda, aniandikie kupitia gazeti hili aniambie alifanya nini. Hata mkikosea herufi nitasoma. Ila mniandikie mapema, maana Mama Limi ameshaanza kuwauliza watoto wa mtaani ni nani kati yao anaweza kupanda nguzo.